Friji lilipozima Januari: uchambuzi wa kisa cha nyumba moja Moshi

Kuhusu kisa hiki

Familia ninayoieleza inaishi Moshi mjini, upande wa tambarare kwenye joto, si kule juu kwenye vivuli vya migomba. Wameniruhusu kuandika ili vikundi vya kina mama ninavyokaa navyo vipate cha kujadili. Majina, mtaa, shule, kituo cha afya na mafundi nimeviondoa, na viwango vya fedha nimevizungusha kidogo. Mengine yote ni kama walivyonisimulia, wakati mwingine wakibishana mbele yangu.

Nimekichagua kwa sababu kinaonekana kidogo. Friji kuharibika si msiba. Lakini ukifuata hatua kwa hatua utaona kwamba friji la nyumba hii lilikuwa na kazi nyingi kuliko kuweka maji ya baridi, na kila kazi ilihitaji mbadala wake. Waliumia pale walipodhani mbadala wa kazi moja unaweza kubeba na nyingine.

Nyumba yenyewe

Mama wa nyumba ni mwalimu wa shule ya msingi, nitamwita Mwalimu. Mumewe, Baba, anaendesha lori la mizigo na hulala nyumbani siku chache kwa wiki. Bibi, mama mzazi wa Baba, ana kisukari na anachoma insulini. Watoto ni watatu; mkubwa alikuwa anaingia kidato cha kwanza shule ya kulipia. Kisha yupo msichana wa kazi, ambaye watoto wanamwita Dada, na mimi nitamwita hivyo hivyo.

Friji ni la milango miwili, friza juu, mtumba ulionunuliwa kwa fedha za kikoba, kikundi cha kuweka na kukopa, miaka kadhaa nyuma. Mwalimu alikuwa amepanga maisha yote ya jikoni kulizunguka. Jumamosi ananunua nyama ya wiki nzima soko la Mbuyuni. Jumapili maharage yanachemshwa sufuria kubwa, yanagawanywa kwenye vikopo na kugandishwa. Alasiri Dada anauza barafu za ubuyu na ukwaju kwa watoto wanaotoka shule, na fedha hiyo ndogo ndiyo inayonunua umeme wa LUKU, ule wa kulipia kabla ya kutumia. Kwenye mlango wa friji, karibu na mayai, kuna chupa za insulini za Bibi.

Ilikuwa Januari. Familia ilikuwa imeshuka kutoka mlimani baada ya Krismasi na Mwaka Mpya, na kama kawaida ya Uchagani hawakushuka mikono mitupu. Friza lilikuwa limejaa mbuzi. Mfukoni hapakuwa na kitu: nauli, sare, madaftari na ada ya mkubwa vilikuwa vimeshakomba.

Jumamosi ile

Usiku wa Ijumaa umeme ulikatika na kurudi mara kadhaa kwa muda mfupi. Asubuhi taa ya ndani ya friji iliwaka kama siku zote, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Mchana Dada alimimina maziwa kwenye chai yakakatika. Ndipo wakasikiliza nyuma ya friji: linatoa mlio mfupi, tik, linanguruma sekunde chache, tik, kimya. Baada ya dakika kadhaa linarudia.

Saa zilizofuata zilipotea. Kila aliyepita alifungua mlango kuona kama limepoa. Mwalimu akampigia Baba, naye akiwa njiani akasema wasubiri, huenda umeme ni mdogo, utakaa sawa. Wakasubiri. Jioni Bibi akasimama mlangoni mwa jiko akasema, "Mama, nyama haisubiri fundi," akaomba mabeseni matatu.

Beseni la kwanza aliweka vipande ambavyo ukivibonyeza bado unasikia barafu ndani. La pili, vilivyolainika lakini bado vina ubaridi wa kweli. La tatu, vilivyopoteza baridi, hasa mapaja ya kuku yaliyokuwa rafu ya chini ya friji yakisubiri kupikwa. Hakuwa na kipimajoto, ila utaratibu wake haupishani na ushauri wa wataalamu wa usalama wa chakula: nyama yenye chembe za barafu inaweza kupikwa au hata kugandishwa upya; ile iliyokaa na joto la kawaida zaidi ya saa mbili iachwe. Friza lililojaa, mlango ukiwa umefungwa, hutunza ugandaji karibu saa 48. Likiwa nusu, karibu saa 24. Sehemu ya chini, ile ya friji lenyewe, haiaminiki baada ya saa nne hivi. Muda huo wote unahesabiwa kwa mlango uliofungwa, na wa nyumba hii ulikuwa ukipigwa mchana kutwa.

Beseni la pili lilipikwa usiku ule, machalari, yaani ndizi na nyama, sufuria mbili, na wapangaji wenzao wakaitwa. Sehemu ya beseni la kwanza Bibi aliikata vipande vyembamba, akaitia chumvi na kuikausha juu ya mkaa hadi ikakakamaa. Iliyobaki ndiyo iliyokwenda kwa jirani, tutaifikia.

Ubishi ulikuwa juu ya kuku. Baba alifika saa tatu usiku, akanusa, akasema harufu ni kidogo, wamuoshe kwa ndimu, wamkaange na tangawizi nyingi. Mwalimu alikataa. Alikuwa sahihi, na hili linahitaji kusemwa waziwazi kwa sababu ndimu na tangawizi tunazitumia hivyo nyumba nyingi: zinaondoa harufu, haziondoi sumu ambayo vijidudu vimeshaiacha kwenye nyama. Kuku akafukiwa. Baba hakuzungumza wakati wa kula.

Insulini

Wakati nyama ya beseni la kwanza inapelekwa kwenye friza la jirani mwenye duka, mtoto wa pili alitumwa akusanye "vyote vinavyoharibika" kwenye friji. Akakusanya vyote kweli, na chupa mbili mpya za insulini zikaingia kwenye kapu pamoja na nyama. Bibi alipouliza dawa yake iko wapi, akaambiwa iko salama, iko kwenye friza.

"Dawa yangu haigandishwi," akasema, akavaa kandambili na kwenda kuidai mwenyewe.

Insulini ambayo haijafunguliwa inatakiwa ikae kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Ikiganda inaharibika, na haitumiki tena hata ikiyeyuka. Tena macho si shahidi: inaweza kuganda, ikayeyuka, na isionyeshe tofauti kwenye chupa. Chupa za Bibi zilikaa friza muda usiozidi saa moja. Je, ziliganda? Hakuna aliyeweza kuapa. Muuguzi wa kliniki yake, walipompigia Jumatatu, aliwapa jibu fupi: kama una shaka, usimchome mtu. Chupa zote mbili zikatupwa.

Ilibaki moja iliyokwisha funguliwa, ambayo ilikuwa kabatini chumbani kwa Bibi na haikuguswa. Aina nyingi za insulini zikishafunguliwa huweza kukaa nje ya friji takriban siku 28, mradi joto lisipite nyuzi 25 au 30 kulingana na maelekezo ya aina husika. Shida ni kwamba chumba cha Bibi kimeezekwa bati bila dari, na mchana wa Januari Moshi nyuzi 30 zinapitwa bila jasho. Muuguzi akashauri mambo mawili: iliyofunguliwa ihamishiwe mahali penye ubaridi zaidi ndani ya nyumba, na mpya wasizichukue zote, bali ziachwe kwenye friji la duka la dawa na wachukue moja moja.

Ushauri huu wa pili ndio uamuzi bora kuliko yote katika kisa hiki, na haukugharimu kitu.

Friza la jirani

Jirani mwenye duka aliwapokea kwa moyo mweupe. Nyama ikakaa kwake kuanzia Jumamosi usiku. Jumatano Dada alipoenda kuchukua ya mchana, alikuta vipande vilivyowekwa kimoja kimoja vimeshikana kuwa bonge moja, na chini ya mfuko kuna damu iliyoganda bapa. Alirudi nayo akamwonyesha Bibi. Nyama iliyoganda mara moja haitoi ziwa la damu chini. Ile imeyeyuka, ikatiririka, ikaganda upya.

Walipouliza kwa adabu, jirani alicheka: usiku huwa anachomoa friza ili LUKU isikimbie. Kwake halina ubaya, anaweka soda na maji. Hakuulizwa, hakusema.

Nyama ile ilipikwa muda mrefu siku ile ile na haikumdhuru mtu, ingawa mimi nisingeila. Kwa anayelazimika kutumia friza la mwingine kuna njia rahisi: gandisha maji kwenye kikombe, weka sarafu juu ya barafu, acha kikombe humo humo. Ukirudi ukaikuta sarafu imezama katikati au chini, friza lilizimwa muda wa kutosha kuyeyusha. Ila kuuliza swali moja mlangoni kungetosha kabisa.

Fundi wa kwanza

Alikuja Jumapili alasiri. Aliweka mkono juu ya kompresa, ile pampu ya nyuma inayosukuma gesi ya kupoza, akaisikia ina moto, akasikiliza ule mlio mara moja, akatoa hukumu: kompresa imekufa, inatakiwa nyingine pamoja na kujaza gesi, laki mbili na themanini, nusu itangulie. Alitaka kulilaza friji kwenye guta alipeleke kwake siku ile. Baba alikataa kulitoa bila kujua fedha itatoka wapi, na kwa bahati hilo liliokoa jambo lingine, kwani friji halilazwi ovyo. Mafuta ya kompresa huhama, na likishasimamishwa linahitaji kutulia kwa saa kadhaa kabla ya kuwashwa.

Hakupima chochote. Hakusoma hata kibandiko cha nyuma kujua ni gesi gani, jambo ambalo anayefika na mtungi wa moto wa kuchomelea anapaswa kulianza, kwa maana mafriji mengi ya miaka ya karibuni yanatumia R600a, na gesi hiyo inawaka.

Wenye nyumba wakaa kitako. Laki mbili na themanini au ada. Wakachagua ada, na friji likapangiwa mwisho wa Februari. Kwa taarifa waliyokuwa nayo, sioni kosa katika uamuzi huo. Kasoro iko kwenye taarifa.

Wiki za bila friji

Soko lilirudi kuwa la kila siku. Robo ya nyama, fungu la mnafu au mchicha, nyanya. Dagaa, ambao nyumba hiyo walikuwa wamewasahau, walirudi mezani, na Bibi akafurahi. Aliyekwenda sokoni ni Dada, baada ya kuwapeleka wadogo shule na kabla ya kufua.

Maziwa yaliwasumbua siku mbili tu. Bibi alichukua usukani: ya asubuhi yanachemshwa mara yanapofika, ya chai yanatengwa, yaliyobaki yanageuzwa mtindi. Mtindi una uchachu unaozuia vijidudu vingi, na unakaa siku kadhaa bila friji. Watoto walilalamika, kisha wakazoea kuunywa na ugali.

Mwalimu naye alitengeneza chungu cha kupoza. Njia hii ilipata umaarufu kupitia Mohammed Bah Abba, mwalimu wa Nigeria aliyepewa tuzo ya Rolex mwaka 2000: chungu kidogo ndani ya kikubwa, mchanga katikati, mchanga unaloweshwa, juu kitambaa kibichi. Maji yanapovukiza kupitia udongo yanabeba joto, ndani kunapoa. Alinunua vyungu viwili vya udongo mtupu, visivyopakwa rangi, kwa sababu rangi huziba vitundu vya kutolea jasho. Akaviweka barazani kwenye kivuli na upepo, Dada akavinywesha asubuhi na jioni.

Kilifanya kazi. Mchicha ulifika siku ya tatu bila kunyauka, nyanya zikadumu, maji ya kunywa yakawa matamu. Chupa ya Bibi iliyofunguliwa ikawekwa humo ndani ya kopo kavu lenye kifuniko, isiguse unyevu, na hiyo ndiyo sehemu yenye ubaridi zaidi waliyokuwa nayo. Lakini chungu hakifiki ubaridi wa friji. Hakistahili nyama wala maziwa, na kinategemea hewa kavu. Januari Moshi kina maana; masika yakianza, hewa ikiwa imeshiba maji, kitabaki kuwa chungu. Mwalimu alikisifia mno kwa wenzake shuleni, na mmoja alikwenda kuwekea samaki. Hadithi ya samaki hao siyo ya leo.

Jambo ambalo hakuna aliyelitarajia ni gesi ya kupikia. Mtungi wa kilo 6 uliisha mapema kuliko kawaida yake. Walidhani umevuja, wakapaka povu la sabuni kwenye regyuleta na mpira, hakuna. Ni Mwalimu aliyegundua akiwa anasahihisha madaftari: maharage. Zamani yalichemshwa mara moja kwa wiki. Sasa yanachemshwa kila baada ya siku moja. Friji lilikuwa linawabania gesi na hawakujua.

Hapo likaja jiko kapu. Maharage yanalowekwa usiku, asubuhi yanachemka kwa nguvu dakika zisizopungua kumi, kwani maharage mekundu yakiiva kwa moto mdogo tu bila kuchemka hubaki na sumu inayotapisha, kisha sufuria inafunikwa na kuzamishwa kwenye kapu lililojazwa nguo na blanketi kuukuu. Joto lililomo linamalizia kazi. Mchana maharage yameiva. Gesi ikapumua.

Mtambo ukawapendeza kiasi kwamba Dada akaanza kuutumia na usiku. Wali ukibaki, badala ya kuachwa jikoni, unazamishwa kapuni, asubuhi watoto wanakula kiporo cha vuguvugu na chai bila kuwasha jiko. Siku ya tatu wadogo wawili walitapika shuleni kabla ya mapumziko. Mkubwa, aliyekunywa chai tupu, hakuugua. Hakuna kipimo kilichofanywa, na jioni walikuwa wanacheza, lakini muda wake unaelekeza kwenye wali. Mchele hubeba mbegu za kijidudu kiitwacho Bacillus cereus, ambazo hazifi kwa kuchemsha kwa kawaida. Wali ukikaa saa nyingi kwenye joto la vuguvugu, mbegu zinaamka, zinazaliana na kuacha sumu, na sumu hiyo haiondoki hata wali ukipashwa moto upya. Kutapika huanza kati ya nusu saa na saa sita baada ya kula.

Dada alilia akidhani atafukuzwa. Bibi ndiye aliyemtetea: kiporo tumekula wote tangu utoto. Ni kweli, ila kiporo cha utotoni kilipoa haraka kwenye sinia, usiku wa baridi kule mlimani. Kapu lililazimisha kibaki vuguvugu usiku kucha, tena tambarare. Vijidudu vya chakula hustawi kati ya nyuzi 5 na 60 hivi, na jiko kapu, baada ya saa chache, linashuka na kukaa katikati ya hapo.

Fundi wa pili

Hakuitwa. Alikuja kutengeneza pasi ya mwenye nyumba anayewapangisha, wiki ya tatu, Mwalimu akamsalimia na kumweleza kwa maneno: taa inawaka, linasema tik, linanguruma, tik, linanyamaza. Fundi akajibu palepale barazani, "Mama, gesi ikiisha kompresa haizimi, inazunguka kutwa na haipoezi. Hii yako inashindwa kuamka."

Akachomoa friji ukutani, akafungua kifuniko cha pembeni ya kompresa, akatoa rilei, kifaa kidogo kinachoiamsha kompresa, akaitikisa sikioni. Ikatoa sauti ya vipande. Ndani yake kuna kisahani cha kauri. Kikipasuka kompresa hainyanyuki. Halafu akaweka tesa, kifaa cha kupimia umeme, kwenye pini tatu za kompresa. Namba mbili ndogo zikijumlishwa zilikuwa sawa na ile kubwa, na kati ya pini na mwili wa chuma hapakuwa na mguso. Koili, yaani nyaya za ndani ya kompresa, ni nzima, haijaungua.

Akabadili rilei pamoja na kile kifaa cha pembeni kinachokata umeme kompresa ikizidiwa. Elfu ishirini na tano, vifaa na ufundi. Friji likanguruma na halikunyamaza. Aliwaeleza na sababu: umeme ukikatika na kurudi upesi, msukumo wa gesi ndani ya kompresa unakuwa bado haujashuka, inajaribu kuamka ikiwa imebanwa, inavuta umeme mwingi, inakatwa, inajaribu tena. Usiku mmoja wa namna ile unatosha kumaliza rilei iliyochoka. Akawashauri kununua gadi ya friji, ambayo umeme ukirudi husubiri dakika kadhaa kabla ya kuuruhusu upite. Walinunua wiki iliyofuata.

Walipofikia

Friji linafanya kazi. Barafu zilirudi, ingawa wateja wadogo walikuwa wameshahamia kibanda kingine na ilichukua muda kuwavuta. Ada ilikuwa imelipwa. Bibi hakukosa dozi hata moja, ila sukari yake ilipanda wiki ya kwanza; kliniki walilihusisha na vyakula vya sikukuu zaidi kuliko dawa.

Hawakurudi kwenye mpangilio wote wa zamani. Nyama sasa wananunua ya siku tatu, si ya wiki. Jiko kapu limebaki, kwa maharage tu, na ni marufuku kwa wali.

Uchambuzi

Nianze na zile laki mbili na themanini. Nyumba nzima ilipanga wiki tatu za maisha kwa kufuata namba iliyotamkwa na mtu ambaye hakutoa kifaa mfukoni. Namba hiyo ilikuwa kubwa kiasi kwamba iliwazuia hata kutafuta maoni ya pili. Nani atafute fundi mwingine wakati fedha haipo? Nadhani hapa ndipo familia nyingi hunasa. Bei kubwa huonekana kama jibu. Mwenye friji hahitaji kujua umeme. Anahitaji kueleza dalili kwa mpangilio, kama Mwalimu alivyofanya barazani, na kumwomba fundi ampimie koili mbele ya macho yake kabla ya neno kompresa kutajwa. Anayekataa kupima aagwe kwa heshima.

Bibi alifanya kazi nzuri kuliko wote Jumamosi ile, na sidhani ni kwa sababu ya hekima ya uzee kama wajukuu wanavyosema. Alifanya vizuri kwa sababu alitenganisha maswali. Wengine walikuwa na swali moja tu, "litapona?", na kila walilofanya, pamoja na kufungua mlango kila mara, lilikuwa kulijibu hilo. Yeye alijiuliza kuhusu nyama, kisha kuhusu dawa yake, friji akaliacha liendelee na tik zake. Kama wangemsikiliza mchana badala ya jioni, yumkini kuku angeliwa.

Kuhusu insulini, sipendi kumlaumu mtoto. Chupa zilikaa mlangoni karibu na mayai miaka yote bila alama yoyote, na aliyetumwa aliambiwa akusanye vinavyoharibika. Dawa ya namna hii inastahili kopo lake lenye maandishi makubwa: ISIGANDE. Ni kazi ya dakika moja na kalamu, na haikuwa imefanywa kwa sababu aliyeijua dawa ni Bibi peke yake.

Chungu na jiko kapu ninaviweka pamoja, ingawa kimoja kilisaidia na kingine kikatapisha watoto. Vyote ni vifaa vyema vilivyovuka mpaka wa kazi yao, au nusura vivuke. Chungu kinachelewesha kunyauka. Hakigandishi wala hakizuii nyama kuoza. Kapu linapika kwa joto lililomo; halihifadhi. Kilichomponza Dada ni kwamba aliona kapu linaweka chakula kikiwa moto mchana, akaamini linaweza kukiweka salama usiku. Hakuna aliyemweleza kwa nini maharage hutoka saa sita. Aliambiwa cha kufanya, hakuambiwa sababu, na mtu wa hivyo akiwa mwerevu, naye ni mwerevu, ataongeza ubunifu wake.

Na kuhusu Dada kuna jambo ambalo halikuwemo kwenye masimulizi ya mtu yeyote hadi nilipouliza. Wenye nyumba waliniambia kuwa bila friji maisha yalikuwa "magumu kidogo lakini tulimudu". Waliomudu walikuwa na miguu ya mtu mwingine. Soko la kila siku, kuchemsha maziwa, kunywesha chungu mara mbili, kuloweka maharage: karibu kila mbadala wa friji uligeuka kuwa kazi ya Dada, na mshahara ulibaki palepale huku barafu, ambazo alikuwa na posho yake humo, zikiwa zimesimama. Nilipolisema hivyo, Mwalimu alinyamaza, halafu akatetea kwamba Januari hakuna aliyekuwa na nyongeza. Ni kweli pia. Lakini mkubwa alikaa nyumbani siku kadhaa akisubiri kuripoti shuleni, ana miguu mizima, na Mbuyuni anapajua. Sasa wamekubaliana kwamba likitokea tena, soko litakuwa la zamu, na posho ya barafu italipwa hata zisipouzwa.

Lipo suala ambalo mimi na Mwalimu hatujakubaliana. Yeye anasema kwa kuwa friji limepona, chupa mpya za Bibi zirudi nyumbani, apunguze safari za duka la dawa. Bibi amekataa, na mimi niko upande wake: umeme wa mtaa wao bado unakatika na kurudi, gadi inalinda kompresa na haizalishi umeme, na duka la dawa lina jenereta.